Wilson: Mhandisi aliyebuni chipu isiyokula umeme

KATIKA kata ya Lumuma, magharibi mwa Wilaya ya Kilosa, mkulima wa vitunguu anapouliza bei ya mjini kwa simu ya mkononi, au anapopokea malipo ya magunia yake kwa M-Pesa, anafaidi kazi ya mhandisi ambaye huenda hajapata kamwe kumsikia. Jina lake ni Sophie Wilson, raia wa Uingereza.

Ndani ya simu mna chipu, kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha, kilichojaa swichi ndogo mno ziitwazo transista. Swichi hizo hutii maagizo: jumlisha, hamisha, linganisha. Mbunifu wa chipu ndiye anayeamua maagizo hayo yawe yapi na yatekelezwe vipi. Uamuzi huo huchangia sana muda ambao betri itadumu, na kwa mtu anayechaji simu kwa sola hilo si jambo dogo.

Wilson alizaliwa Leeds mwaka 1957 na kusoma Chuo Kikuu cha Cambridge. Akiwa bado mwanafunzi alibuni kifaa cha kielektroniki cha kudhibiti ulishaji wa ng'ombe wa maziwa (wafugaji wa Kilosa wangekipenda), kisha akajiunga na Acorn, kampuni changa ya kompyuta. Mwaka 1981, Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilipotafuta kompyuta ya kufundishia wananchi, yeye na mwenzake Steve Furber walikamilisha kompyuta ya mfano ndani ya juma moja. Kompyuta iliyotokana nayo iliuzwa zaidi ya milioni moja.

Walipohitaji chipu yenye nguvu zaidi, hawakuona sokoni iliyowaridhisha. Wakasafiri hadi Arizona, Marekani, kutembelea kampuni iliyokuwa ikibuni chipu, wakitarajia kuona majengo ya fahari. Walikuta watu wachache, wakisaidiwa na wanafunzi. Hofu ikawatoka.

Wilson alikuwa amesoma maandiko ya watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walioshikilia kwamba chipu yenye maagizo machache na mepesi yaweza kuishinda yenye maagizo mengi. Oktoba 1983 alianza kupanga maagizo ya chipu yao, naye Furber akasanifu mpangilio wa ndani. Waliijaribu kwanza ndani ya kompyuta, kwa programu ya kuigiza iliyoandikwa kwa BASIC ya BBC, kazi ya Wilson mwenyewe.

Fedha zilikuwa haba. Ganda la kauri lilikuwa ghali, hivyo chipu ilipaswa kukaa katika ganda la plastiki lisilovumilia joto jingi. Ndiyo sababu walijiwekea mpaka wa wati moja, na kwa kuogopa kuuvuka wakabana matumizi ya umeme kila mahali. Chipu iliwasili Aprili 26, 1985, ikafanya kazi siku hiyo hiyo. Baadaye Furber alipopima umeme inaoutumia, kipimo kilionyesha sifuri. Kumbe waya wa kuipatia umeme haukuwa umeunganishwa. Chipu ilikuwa ikiendeshwa na umeme kidogo uliopenya kupitia nyaya za mawasiliano.

Mwaka 1990, Acorn, Apple na VLSI Technology zilianzisha kampuni ya ARM. Haikujenga kiwanda, iliuza leseni za michoro, kama msanifu anayeuza ramani na kuwaachia wengine ujenzi. Nokia 6110, iliyotangazwa mwishoni mwa mwaka 1997, ilikuwa miongoni mwa simu za kwanza kuitumia. Chipu zenye michoro hiyo zimekwisha kupita bilioni 250. Wilson baadaye alihamia Broadcom, na mwaka 2013 akachaguliwa kuingia Royal Society.

Mjini Nyeri, Kenya, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, ipo kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayojishughulisha na utengenezaji wa chipu. Kiwanda cha chipu za kisasa kabisa hugharimu mabilioni ya dola, lakini ubunifu huanzia kwenye kompyuta. Mwaka 2010, watafiti wa Berkeley walianzisha RISC-V, seti ya maagizo isiyodaiwa ada ya leseni. Mwanafunzi wa uhandisi wa elektroniki wa Dar es Salaam anaweza kuipakua na kuijaribu kwa programu ya kuigiza, kama walivyofanya Wilson na Furber.