Nukta Huanzia Sikioni

Muulize mtoto wa darasa la tatu, katika skuli yoyote ya msingi kisiwani Pemba, akutajie alama za uandishi. Atazitaja bila kusita: nukta, mkato, alama ya kuuliza, alama ya mshangao. Mpe karatasi aandike habari ya mavuno ya karafuu, na si ajabu akakuletea mistari minane mfululizo isiyo na nukta hata moja. Majina anayajua, kazi yake haijui. Kosa hilo si la mtoto. Limetokana na mazoea ya kuzifundisha alama kama orodha: mwalimu anaichora ubaoni, watoto wanainakili, inakaririwa, kisha somo linahamia kwingine. Ninavyoona, alama za uandishi zifundishwe kwanza kwa sikio, kwa kusoma kwa sauti, na njia hiyo inafaa zaidi pale darasa linapokuwa na watoto wa viwango mbalimbali.

Kiswahili kinaihitaji alama ya kuuliza kuliko lugha nyingi. Mwingereza akitaka kuuliza hugeuza mpangilio wa maneno. Sisi hatulazimiki kuondoa neno mahali pake. “Karafuu zimekauka” yaweza kuwa taarifa na yaweza kuwa swali, maneno ni yale yale, na kinachotofautisha ni sauti peke yake. Watu wakizungumza, sauti ipo. Kwenye karatasi haipo, na kile kialama cha mwisho ndicho kinachomfikishia msomaji nia ya mwandishi. Mkato nao una uzito wake. “Mwalimu Salma amefika” ni habari ya mwalimu aitwaye Salma, lakini katika “Mwalimu, Salma amefika” anaambiwa mwalimu habari ya mtu mwingine. Mtoto wa miaka minane anaisikia tofauti hiyo mara moja akisomewa, hata kama hajaweza kusoma sentensi nzima mwenyewe.

Hapo ndipo suala la viwango linapoingia. Tangu tarehe 23 Septemba 1964, elimu ilipotangazwa kuwa bila malipo Zanzibar, milango ya skuli imefunguliwa kwa watoto wa kila nyumba, na ni haki iwe hivyo. Matokeo yake ni kwamba darasa moja linakusanya watoto waliopitia maandalizi na wasiopitia, wenye vitabu nyumbani na wasio navyo, na wengine waliokosa wiki kadhaa kwa sababu ya msimu wa karafuu au kwenda dago na wavuvi. Mwalimu mmoja anajikuta na madarasa matatu ndani ya chumba kimoja. Akifundisha kwa ajili ya wa katikati, wa nyuma wanapotea na wa mbele wanachoka kusubiri.

Lakini watoto hao wanaotofautiana kwa kusoma herufi za Kirumi, wengi wao wana jambo moja la pamoja ambalo skuli hailitumii inavyopasa: wamekaa chuoni. Kabla au baada ya skuli wamesoma Kurani mbele ya maalim, na humo wamefundishwa kwamba kusimama kuna kanuni. Zipo alama ndogo juu ya mistari ya msahafu: mim inaamuru kusimama, lamu-alifu inakataza, jimu inaruhusu. Nyingi katika alama hizo zinatokana na kazi ya mwanachuoni Al-Sajawandi wa karne ya 12. Mtoto aliyehifadhi sura fupi za Juzuu Amma huenda ameshaonywa kuhusu Sura ya Al-Maun. Msomaji akiishia aya ya nne asiendelee, onyo litawaangukia watu wote wanaosali, ilhali aya ya tano inabainisha kuwa wanaoonywa ni wale wanaoghafilika na sala zao. Mtoto huyo ameshajifunza somo zito kuliko lolote lililomo kwenye orodha ya ubaoni, kwamba mahali pa kusimama panabeba maana. Baadhi ya wazee watasema si adabu kulinganisha maneno ya Mungu na insha ya mtoto. Heshima hiyo ni ya haki, na maandishi hayo mawili hayalingani hata kidogo. Kinachohamishwa ni tabia ya kusoma kwa makini, na chuo chenyewe kinataka mtoto awe nayo kila mahali.

Basi somo lifanyikeje? Mwalimu aandike ubaoni, bila alama wala herufi kubwa: mama karafuu zimekauka ndiyo mwanangu tuzianue kabla ya mvua. Asome mara ya kwanza kwa pumzi moja, mara ya pili kwa sauti ya mazungumzo. Watoto ambao bado hawasomi wanapewa kazi ya kusikiliza: wanyooshe mkono sauti inaposimama, waseme kama mama ameulizwa au ameambiwa. Wanaosoma kwa shida waweke nukta, alama ya kuuliza na herufi kubwa. Wenye uwezo zaidi waongeze mkato baada ya “Mama” na kabla ya “mwanangu”, waweke alama za usemi, kisha waeleze nini kitabadilika iwapo alama ya kuuliza itageuzwa nukta. Matini ni moja na wote wanaishughulikia kwa wakati mmoja, ila kila mtoto ana kazi inayomtosha. Nukta mkato inaweza kusubiri madarasa ya juu. Kuiingiza mapema ni kuwachosha watoto bure.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni kwamba sikio hudanganya. Ni kweli. Mtoto anayefuata pumzi ataandika “Watoto wote waliokwenda kuchuma karafuu Mtambile, wamerudi”, akitenga mtenda na tendo lake kwa mkato usiotakiwa. Hata hivyo alama hizi zilianza kama maelekezo ya kusomea kwa sauti. Yapata mwaka 200 kabla ya Kristo, Aristophanes wa Byzantium, mkuu wa maktaba ya Alexandria kule Misri, aliweka nukta katika vimo vitatu kuonyesha kituo kifupi, cha wastani na kirefu. Sarufi ilishika usukani baadaye, hasa vitabu vilipoanza kupigwa chapa. Mtoto naye apite njia hiyo, aanze na sauti, na akishaizoea aonyeshwe mahali ambapo sarufi inaipinga. Anayesubirishwa mpaka aijue sarufi ndipo aanze kuandika nukta, atasubiri sana.

Wengine wanahofu kwamba kuwagawa watoto kwa viwango ni kuwatia aibu. Utafiti wa Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer, uliofanyika katika skuli 121 za magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa wanafunzi wa darasa la kwanza waliogawanywa kwa uwezo waliendelea vizuri zaidi, wa chini na wa juu pia. Ila skuli hizo ziliongezewa mwalimu, na hilo si jambo la kutegemea kila mahali. Ndiyo maana napendelea kugawa kazi ndani ya darasa moja, tena kwa somo moja tu, na mtoto ahame kundi pindi anapoweza. Aibu huja pale kundi linapogeuka jina la mtoto.

Kuhusu mitihani, mtoto aliyezoea kuzisikia alama atazitaja na kuzitumia pia. Kwa hiyo walimu wa Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani wasisubiri kitabu kipya. Waanze muhula ujao kwa dakika kumi za kusoma kwa sauti kabla ya kila zoezi la kuandika. Chaki na ubao vinatosha. Na Taasisi ya Elimu Zanzibar, yenye dhamana ya mitaala, iwaandalie matini fupi za aina hiyo, zenye kazi za viwango vitatu katika kila ukurasa.