Jometri ya Mteremko: Likizo ya Juni Mkuyuni



Likizo ya Juni ilipofika, sisi mafrateri watatu wa falsafa tulipangiwa kazi ya kichungaji Mkuyuni, kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, katika barabara itokayo Bigwa kwenda Matombo na Kisaki. Tulijiandaa kwa yale tuliyoyazoea: kutembelea wagonjwa, kusali na jumuiya ndogo ndogo, kufundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Hayo tuliyafanya. Lakini siku ya tatu katekista alituletea vijana tisa wa kidato cha pili na cha tatu, kila mmoja na daftari lake la hisabati.

"Mafrateri, ninyi ni wasomi," alisema. "Wasaidieni hawa kwenye jometri. Shule ikifunguliwa watakuwa wameshasahau yote."

Tulitazamana. Wote watatu tulitoka tahasusi za sanaa, na tangu mtihani wa kidato cha nne hatukuwa tumeshika bikari. Mmoja wetu ana F ya hisabati kwenye cheti chake, na jioni ile ile aliwaambia vijana wazi. Tunadhani ndiyo sababu walirudi kesho yake.

Hisabati ni somo la lazima hadi kidato cha nne, na kwa miaka mingi matokeo yake yamekuwa ya chini kuliko masomo mengine ya lazima. Wanafunzi wengi wanajua hilo kabla hata ya kufungua kitabu, na kijana anayeamini kwamba atafeli huacha kujaribu mapema, ingawa mwili wake bado unaonekana darasani. Ndani ya hisabati yenyewe, jometri ndiyo husahaulika haraka zaidi likizoni. Kuzidisha na kugawanya unafanya kila siku dukani na sokoni. Nani anakuuliza sokoni kama pembetatu mbili zinalingana?

Tulipoanza tuligundua tatizo ambalo hatukulitegemea. Vijana hawa walijua mengi kuliko madaftari yao yalivyoonyesha. Tulichora maumbo ubaoni, nao wakayataja bila kusita: pembetatu pacha, pembetatu sawa, pembetatu guni, pembe butu, pembe kali, kitako, kimo, ulalo. Ni maneno ya shule ya msingi, na yamewakaa vizuri. Msichana mmoja wa kidato cha pili alieleza kwa Kiswahili safi kwa nini pembe mbili za chini za pembetatu pacha ni sawa: ukiikunja karatasi katikati, upande mmoja unalala juu ya mwingine. Tulipomwomba aandike hayo kwa Kiingereza, kama mtihani unavyodai, kalamu ilisimama. Aliandika maneno mawili, akafuta. Hakukosa jometri. Alikosa daraja la kuvukia kutoka lugha aliyofikiria kwenda lugha aliyotakiwa kujibu.

Basi tukakubaliana kwamba kila daftari ligawanywe kwa mstari wa wima. Kushoto unaeleza kwa Kiswahili mpaka wewe mwenyewe uridhike. Kulia unaandika yale yale kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi. Wapo watakaosema kwamba kufanya hivyo ni kupoteza muda kwa sababu mtihani hauulizi Kiswahili. Sisi tunaona kinyume chake. Aliyekariri uthibitisho kwa lugha asiyoielewa hupotea mara tu herufi za mchoro zinapobadilishwa kutoka ABC kuwa PQR. Tuliwajaribu hivyo wiki ya kwanza, wakapotea. Nasi tuliwahi kupotea hivyo hivyo.

Jambo la pili tulilichota kwenye masomo yetu. Katika majadiliano ya Plato yaitwayo Meno, Socrates anachora mraba na kumwuliza kijana mtumwa, ambaye hajawahi kufundishwa jometri: upande wa mraba wenye eneo mara mbili ya huu utakuwa na urefu gani? Mraba wa kwanza una upande wa futi 2, kwa hiyo eneo ni 4. Kijana anajibu haraka: upande wa futi 4. Lakini eneo lake ni 16, mara nne. Anajaribu futi 3, inatoka 9. Hapo anakiri kwamba hajui. Kisha, kwa maswali, anafika kwenye ulalo: mraba uliojengwa juu ya ulalo wa ule wa kwanza una eneo la 8 kamili.

Tulilifanya zoezi hilo kwenye udongo nyuma ya kanisa kwa kijiti. Vijana wetu walijibu 4, wakajibu 3, hatua kwa hatua kama yule kijana mtumwa. Kisha kimya. Mmoja alichora ulalo bila kuambiwa, akahesabu pembetatu ndogo kwa kidole, akapiga kelele iliyowatoa mama wa kwaya mlangoni. Plato alitumia kisa hicho kudai kwamba roho inakumbuka ilichokijua zamani. Hapo hatumfuati, tuko karibu zaidi na Aristotle, kwamba maarifa huanzia kwenye milango ya fahamu. Lakini tunachukua kitu kimoja kwa Socrates: hakumpa kijana jibu, na alimwacha akae na kosa lake kwa muda. Kwa mwalimu wa likizo hilo ni gumu. Tulitamani kusema jibu mara nyingi, na mara nyingine tulilisema.

Wiki ya pili tulitoka ubaoni kwenda shambani. Katekista ana shamba la migomba na mdalasini kwenye mteremko mkali, na kila masika udongo wake unashuka kuelekea mtoni. Maji ya Uluguru hufika Mto Ruvu, ambao ndio tegemeo kubwa la maji ya Dar es Salaam, kwa hiyo udongo huo hauwi hasara ya katekista peke yake. Alitaka kuchimba matuta matatu kabla ya mvua za vuli. Tuta likiinama upande mmoja, maji hukimbilia huko na kulivunja. Lazima mstari wake upite usawa mmoja, ukizunguka mlima. Unaupataje bila mashine ya wapimaji?

Tulitengeneza kifaa chenye umbo la herufi A: miti miwili iliyonyooka ya mita 2, imefungwa pamoja juu, na mti mfupi wa kukingama katikati. Kutoka kileleni tulining'iniza kamba ya katani yenye jiwe. Ukisimamisha miguu miwili chini na kamba ikapita katikati kabisa ya mti wa kukingama, miguu hiyo iko usawa mmoja. Unapigilia kigingi kwenye kila mguu, unazungusha kifaa kwa mguu wa mbele, unatafuta usawa tena, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa shamba.

Kwa nini inafanya kazi? Hili ndilo swali tulilowaachia vijana usiku mzima. Kilele tukiite A, ncha za mti wa kukingama B na C, katikati yake M. AB ni sawa na AC kwa sababu tulifunga umbali sawa kutoka juu. BM ni sawa na CM. AM ni ya pembetatu zote mbili. Basi pembetatu ABM na ACM zinalingana kwa pande tatu, na pembe zake pale M ni sawa. Pembe hizo mbili ziko kwenye mstari mmoja, jumla yake ni digrii 180, kwa hiyo kila moja ni 90. Kamba yenye jiwe daima huning'inia wima, kama timazi ya fundi. Ikipita M, mti wa kukingama uko mraba na wima; yaani umelala sawa. Na kwa kuwa miguu yote ina urefu mmoja, mstari wa kutoka mguu hadi mguu ni sambamba na mti huo. Hapo zinatumika pembetatu zinazofanana, ambazo vijana wa kidato cha pili walikuwa wamezikataa kabisa siku ya kwanza.

Babu mmoja jirani alikuwa amesimama akitutazama. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akauliza, "Wajukuu zangu, na kama mafundi wenu wamekosea, mguu mmoja ni mrefu kuliko mwingine?" Hatukuwa na jibu. Akachukua kifaa, akakisimamisha, akatia alama kwa makaa pale kamba ilipopita. Akakigeuza, mguu wa kushoto ukakaa mahali pa ule wa kulia, akatia alama ya pili. "Katikati ya alama hizi mbili ndiyo sawa yako." Tulikaa jioni ile tukijaribu kuthibitisha alichofanya, na tulichelewa masifu ya jioni.

Babu huyo huyo ndiye aliyetuambia kwamba matuta yana historia chungu hapa. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao. Kazi ilikuwa nzito, ilikuja kwa amri na faini, na mahali pengi ngazi hizo zilifukua udongo wa chini usio na rutuba. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, na mpango ukafa. Yeye alikuwa mtoto mdogo, lakini baba yake alilizungumza jambo hilo mpaka kufa kwake. Mistari ya wapimaji huenda ilikuwa sahihi. Aliyelazimishwa kuichimba hakuulizwa wala hakuelezwa. Tulilifikiria hilo sana tuliporudi ubaoni kesho yake, kwa maana nasi tulifundishwa kanuni nyingi kwa amri.

Zoezi lililoleta ubishi mkubwa lilihusu ukubwa wa shamba. Tuseme shamba lina upana wa mita 20, na ukipima kwa kamba iliyolala juu ya ardhi kutoka chini hadi juu unapata mita 50. Mwenye shamba atasema ana mita za mraba 1,000. Lakini ncha ya juu iko mita 30 juu kuliko ya chini. Kwa kanuni ya Pythagoras, 50 kwa 50 ni 2,500. Ukitoa 30 kwa 30, yaani 900, inabaki 1,600, na kipeuo chake cha pili ni 40. Kwenye ramani, ambako eneo hupimwa kana kwamba ardhi imelala, shamba lile ni mita 40 kwa 20: mita za mraba 800. Vijana walikataa. "Frateri, mita 200 zimeibwa na nani?" Hakuna aliyeiba. Lakini mnapouziana shamba mlimani, ni vizuri kuulizana kwanza kamba ilipita wapi.

Kwa anayetaka kuendelea nyumbani, tuliwashauri hivi: tatizo moja kwa siku linatosha, nusu ukurasa, mradi mchoro uchorwe kwanza kwa mkono bila rula. Rula na kipimapembe vije baadaye. Wengi hawana mkebe kamili, na si kikwazo: kamba na vigingi viwili huchora duara safi kuliko bikari iliyolegea. Halafu mweleze mdogo wako. Akishindwa kuelewa, rudi kwenye mchoro kabla ya kumlaumu.

Siku ya mwisho tuliandika ubaoni ule uthibitisho wa pembetatu pacha, bila mchoro, na kwa herufi nyingine. Sita kati ya tisa walimaliza. Yule msichana wa kidato cha pili alianza upande wa kulia wa daftari, Kiingereza moja kwa moja, akakosea tahajia ya neno moja. Tulisubiri amalize ndipo tumwonyeshe.

Matuta matatu ya katekista yameshachimbwa. Kifaa kipo nyuma ya kanisa, kamba imeazimwa na mtu wa kufungia mbuzi. Kama mistari yetu ilikuwa sawa, tutajua mvua za vuli zikinyesha.