Dawa ndani ya mwiba wa mgunga

Juma hili nataka tuzungumze juu ya chungu. Si chungu cha kupikia wali, bali wale wadudu wanaotuvamia kwenye bakuli la sukari.

Ukipanda bara hadi Laikipia, kwenye udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha, utauona mgunga mfupi wenye miba iliyofura chini kama kitunguu. Ndani ya uvimbe ule mna uwazi. Chungu huutoboa wakafanya nyumba, na upepo ukipita kwenye vitundu vile husikika mluzi. Mti huwapa makao, nao huwauma twiga na ndovu wanaokuja kula majani. Aina mmoja, ambaye wataalamu humwita Tetraponera penzigi, ana kazi nyingine ya ajabu: mle ndani ya mwiba hulima kuvu.

Sasa, shamba halikosi magugu. Inadhaniwa kwamba chungu hawa husaidiwa kulilinda na bakteria wanaoishi nao, wenye kutoa kemikali za kuua vijidudu vingine. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha East Anglia na Kituo cha John Innes, huko Norwich, Uingereza, walitangaza kwamba kwa chungu hao waliotoka Kenya wamepata bakteria mpya, wakamwita Streptomyces formicae. Kemikali zake wakaziita fomikamisini. Ukoo huo si mgeni hospitalini: streptomaisini, dawa ya kwanza ya kuua vijidudu vya kifua kikuu, iligunduliwa mwaka 1943 kutoka kwa ndugu yake wa udongoni.

Hapa ndipo linapotugusa. Mitaani kwetu mtu akiumwa na koo huingia duka la dawa akanunua kapsuli nne za amoksilini. Siku ya pili akipata nafuu huacha, zilizobaki akampa shemeji. Vijidudu vilivyonusurika ndivyo vinavyozaana, na kidogo kidogo dawa haifui dafu. Simlaumu mnunuzi peke yake; anayeuza bila cheti cha daktari anajua vyema afanyalo.

Mmoja wa vijidudu sugu hivyo ni MRSA, anayeozesha vidonda na kuingia damuni. Fomikamisini ilimuua maabarani. Kisha watafiti wakamkuza kwa vizazi 20 katika kiwango kidogo cha kemikali hiyo, hali ambayo kwa kawaida humfunza kijidudu ukaidi. Hakupata usugu.

Msiende kuiulizia dukani, jamani. Bado ni kemikali ya maabara. Haijawa dawa ya kumpa mgonjwa, na safari hiyo huchukua miaka mingi. Ikifika, mimi nitauliza fungu letu. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, yataka nchi iliyotoa mali-asili igawiwe faida kwa makubaliano, na Kenya imo.