Karte imewaka leo: mwaka kesho itawaka?

Hapa Rughenda na Butembo yote, fundi akimaliza kuunganisha karte ya regulateri ya solari anaiwasha, taa inawaka, anauza. Mimi nasema kuwaka siku ya kwanza si ushahidi kwamba itadumu.

Karte inauawa na nini? Kwanza, joto na baridi vinavyofuatana. Mchana, chini ya bati, kasha linapata moto. Usiku, kwenye milima yetu ya zaidi ya mita 1,700, linapoa sana. Shaba, plastiki na seramiki hazipanuki sawasawa, na ile risasi ya kuchomelea iko katikati: inavutwa kila siku mpaka inapasuka. Jicho halioni ule ufa. Mteja anakuambia tu: "Ukiipiga kofi, inawaka." Pili, unyevu ukichanganyika na vumbi unakula njia za shaba. Tatu, mtikisiko: pikipiki inaenda kijijini, kila shimo karte inaruka.

Viwanda vikubwa havingoje miaka. Vinafungia karte ndani ya kabati ya majaribio: joto linapanda mpaka nyuzi 125, linashuka mpaka 40 chini ya sifuri, mara mamia. Jaribio lingine ni nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000, karibu siku 42. Kisha meza ya kutikisa. Joto linaharakisha uzee, ndiyo maana wiki chache zinaonyesha ya miaka. Kwa kondensateri za kemikali, mafundi wanahesabu hivi: nyuzi 10 zikiongezeka, maisha yanakatika nusu.

Kabati ile ni bei kali, lakini tunaweza kuanza kidogo. Kasha la chuma, balbu ya zamani ya kutoa joto, kipimajoto. Karte ifanye kazi humo kwa nyuzi 60, siku mbili, na mzigo wake wote. Usiku itoke kwenye baridi. Betri ibaki nje, na mtu awe anachunga. Mwishoni itikise, kagua viungo kwa lupu, andika kwenye daftari. Zilizopita, pakaa vernisi juu ya unyevu.

Ni kazi mingi? Ndiyo. Lakini karte moja ikikufa usiku kwenye sentre ya afya, frigo ya chanjo inazima. Heri ife mikononi mwetu, mbele ya kuuzwa.

Wewe unapima yako namna gani?