Vumbi la Voi Lilipofika Chuoni

Juzi tulikuwa barazani baada ya swala ya isha, kahawa chungu na kashata mbele yetu, kijana mmoja akatoa simu yake akatuonyesha gari la mashindano likiruka kilima huko Naivasha. Likaruka, likatua, likapotea ndani ya vumbi. "Hiyo ndiyo Safari Rally, ami," akaniambia, kama mtu anayemwonyesha mgeni Ngome ya Yesu. Wazee watatu tuliokuwapo tukatazamana, wala hakuna aliyemjibu. Lakini tangu usiku huo, ndugu msomaji, sikupata raha mpaka niliposhika kalamu.

Mashindano haya yalianza mwaka 1953, na jina lake la kwanza lilikuwa Coronation Safari, kwa kuwa yalitungwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Nchi ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Wananchi wanatiwa vizuizini, na walowezi wanashindana kwa magari Kenya, Uganda na Tanganyika kumpongeza Malkia wao. Sisemi haya kuwaharibia watu ladha. Nasema ili ijulikane kwamba kitu hiki hakikuzaliwa kwetu. Sisi tulikiokota njiani tukakilea, na kulea nako kuna mambo yake, kama mtakavyoona.

Tulikilea kwa sababu kilipita njia zetu. Hapakuwa na ua wala kamba. Barabara hazikufungwa, gari la mashindano lilikutana na basi la abiria, na ng'ombe wanaokwenda kunywa maji, na mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani, na kila mmoja alikuwa na haki yake ya njia. Mashindano yalifanywa siku za Pasaka, masika yanapoanza kugonga mlango, kwa hiyo dereva aliweza kula vumbi asubuhi na jioni akazama kwenye udongo mweusi mpaka milangoni. Walikwenda maelfu ya kilomita, mchana na usiku, kutoka kituo hadi kituo, na aliyechelewa alihesabiwa dakika zake kama mdeni. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza 7. Mwaka 1968 mvua ikanyesha tena ya kuangusha miti, na tena yakamaliza 7. Na mshindi wa miaka yote miwili alikuwa ni yule yule, Nick Nowicki, na msaidizi wake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404.

Hapo ndipo mtu wa Mombasa alipotega sikio. Pijo! Lile lile aliloliona Mwembe Tayari limebeba abiria na magunia ya nazi juu ya keria. Pijo 404 lilishinda miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake 504 akaja akashinda mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson wa Uswidi. Datsun zikashinda, na Datsun ilikuwa gari la mwalimu wa shule na karani wa bandarini. Hata Volvo aliloshindia Joginder Singh mwaka 1965 halikuwa gari jipya. Lilikwisha kutumika kabla hajalipata yeye. Baba zetu walisoma matokeo gazetini kama mfanyabiashara asomavyo bei ya karafuu. Gari lililorudi Nairobi mzima ndilo lililonunuliwa mwaka ule, kama fedha zilikuwapo, na kama hazikuwapo ndilo lililosifiwa.

Na madereva pia walikuwa watu wa hapa hapa. Tangu 1953 hakuna aliyetoka ng'ambo akashinda mpaka mwaka 1972, alipokuja Hannu Mikkola wa Finland na Ford Escort. Ulaya walikuwa na magari makubwa na mafundi wengi, lakini hawakuijua njia. Joginder, Kalasinga mzaliwa wa Kericho, aliijua. Alishinda 1965, kisha 1974, kisha 1976, na miaka hiyo miwili ya mwisho alikuwa ndani ya Lancer ndogo ya Mitsubishi. Mwaka 1974 aliliacha nyuma Porsche la Björn Waldegård. Watu wakamwita Simba wa Kenya. Baadaye akaja Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeiendeshea Kenya. Mwaka 1973 alifungana pointi na Harry Källström, akapewa ushindi kwa kanuni. Halafu akashinda 1979, 1980, 1981 na 1982, minne kwa mpigo, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mtu mwingine.

Ilikuwa ndani ya miaka hiyo minne ya Mehta mjomba wangu aliponipeleka kuyaona. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Mjomba alikuwa dereva wa Pijo 504 la abiria, kati ya Mombasa na Voi, na mara nyingine mpaka Taveta. Alikuwa mtu mwembamba, kofia ya vito haimtoki kichwani, na mkono wake wa kulia ulikuwa mweusi kuliko wa kushoto kwa kutolewa dirishani miaka mingi. Tukaondoka baada ya isha, usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu. Mama alitufungia mahamri kwa kitambaa. Kuliko mashindano yenyewe, nakumbuka zaidi baridi ya Voi kabla ya jua kutoka, na mama mmoja wa Kitaita aliyekuwa akiuza chai ya tangawizi kando ya njia ya vumbi upande wa Mwatate, na watu wamekaa kimya wameelekeza masikio mlimani.

Kwanza ilikuja helikopta. Kisha taa, sita mbele ya gari moja, zikikata konani kama panga. Kisha mlio. Sikuwahi kusikia gari likilia vile; mjomba alinishika bega akasema, "Sikiliza gia." Likapita. Kwa kweli sikuona dereva, sikuona rangi. Niliona matope na namba nusu, nikapigwa na changarawe mguuni, na kwa muda wa kusoma Fatiha hatukuonana mimi na mjomba kwa vumbi. Tukangoja lingine, na lingine, mpaka jua likawa kali. Kila moja tulikuwa nalo kwa kiasi cha kupiga chafya moja.

Jumamosi nikarudi chuoni. Nilioga, wallahi, lakini udongo wa Voi ni mwekundu, na sisi watu wa mchanga mweupe hauwezi kutuficha. Maalim akanishika sikio, akatazama ndani yake, akauliza, "Jana Jumaa uliswali msikiti gani?" Nikanyamaza. Akauliza, "Mlikuwa wapi?" Nikasema Voi. Wanafunzi wote wameacha kusoma, bakora imekwisha inuliwa. Akasema, "Mlitoka mjini kabla ya alfajiri au baada ya alfajiri?" Nikasema tulitoka usiku, baada ya isha, na mjomba alisema sisi ni wasafiri, tukapunguza swala. Bakora ikabaki hewani. Sisi ni watu wa Imamu Shafi, na kwa madhehebu yetu aliyetoka mjini kwake kabla ya alfajiri ya Ijumaa hana lawama ya Jumaa, na Voi ni kilomita 160 hivi, safari kamili isiyo na shaka. Mjomba wangu huyo, ambaye watu walimdhania hajui ila klachi na breki, alikuwa amelipima jambo hili kabla ya kuwasha gari.

Maalim akashusha bakora taratibu. Akarudi kwenye mkeka wake, akafungua msahafu, akaufunga. Kisha bila ya kunitazama akauliza, "Na yule Mhindi alikuwa wa ngapi?"

Siku zile ndipo nilipotunga ubeti wangu wa kwanza, nyuma ya daftari la hesabu. Nimetunga mengi tangu hapo, na mengine yamepita hewani na gazetini, lakini huu ndio nisiousahau. Nauandika kama ulivyo, na utoto wake:

Limepita kama radi, vumbi limetufunika,
Macho yalijitahidi, namba yake kuishika,
Lipitapo halirudi, na mbele limeshafika,
Mjomba nipe ahadi, mwakani tutaondoka.

Mjomba aliukunja ule ukurasa akautia mfukoni mwa kanzu. Ahadi aliitimiza, miaka miwili zaidi.

Sasa nifike pale nilipokuwa nikipakwepa tangu mwanzo. Watoto wa wakati ule tulikimbiza magurudumu ya baiskeli barabarani tukijiita Joginder. Watoto hawakuwa peke yao. Askari wa barabarani akikusimamisha kwa mwendo alikuuliza, "Wewe unadhani ni Joginder Singh?" Na dereva aliyeulizwa hivyo hakutahayari, alitabasamu. Mjomba naye abiria wake walimwita Joginder, na akaitika. Pale tuliposimama Mwatate alijifunza konani moja, namna ya kuingia nayo na namna ya kutoka, na kila alipopita na abiria aliirudia, watu wakapiga vigelegele.

Usiku wa kuamkia Idi ya mwaka 1986 alikuwa akishuka kutoka Voi na gari limejaa, kila mtu ana haraka ya kufika kwao kabla ya takbira. Mmoja aliyenusurika alitusimulia kwamba nyuma walikuwa wakiimba, wakimwambia kaza, Joginder, kaza. Karibu na Taru Pijo lilitoka njiani. Alifariki mjomba, akafariki mwanamume mmoja na mama mmoja. Viatu vipya vya watoto wa yule mama vilipatikana vizima ndani ya karatasi yake. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Nilikaa miaka mingi siwezi kuyasikiliza mashindano redioni. Na nilipoanza tena, nilianza kwa kusoma, na kusoma kulinionyesha jambo ambalo mimi na mjomba hatukuliona pale kando ya njia. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Alikulia katika gereji ya baba yake. Alishiriki Safari mara 22 akamaliza 19. Yaani sifa yake kubwa ilikuwa kulihurumia gari, kujua springi hii inataka nini na shimo hili linadai nini. Pembeni yake ameketi msaidizi na daftari la njia waliyoipitia kabla, na mbele yao mafundi wanangoja na tairi na mafuta. Yale mashindano hayakuwa ya mwendo tu, yalikuwa ya kufika. Ndiyo maana walimaliza saba. Lakini sisi tuliosimama kando tulipewa chafya moja tu ya kila gari, na ndani ya chafya hiyo kufika hakuonekani. Tulichoona ni kukimbia. Tukachukua nusu ya elimu tukarudi nayo nyumbani.

Mwaka 1990 mashindano yalitukuta ndani ya Ramadhani, mvua ni nyingi, na nakumbuka nikingoja habari ya redio baada ya futari. Waldegård alishinda, ndani ya Toyota. Kufikia hapo magari yalikuwa yamekwisha kuwa ya viwanda vikubwa, na Mkenya kushinda limekuwa jambo la kungojewa kama mwezi wa Idi. Ian Duncan aliuleta ushindi nyumbani mwaka 1994. Baada ya mwaka 2002 Safari ikatolewa katika orodha ya mashindano ya dunia. Ikarudi 2021, kituo chake Naivasha, njia zimefungwa, watu wametengewa pahali pao pa kusimama. Mwaka 2024 ikarudishwa kwenye Pasaka. Kuna wenzangu wanaolalamika kwamba si Safari tena. Mimi niliyezika Taru siwezi kulalamikia kamba ya kuwazuia watu. Ninachosikitikia ni kwamba hapiti tena mtu Mwatate.

Pwani tulibakishiwa kitu kimoja. Tangu 2003 kuna mashindano ya magari ya zamani, Safari Classic, ambayo mara nyingi yameanza au kumalizika hapa Mombasa. Waldegård yule yule alikuja akayashinda mwaka 2007, na tena 2011 naye amepita miaka sitini na mitano. Mwaka mmoja yalipomalizikia kwetu nilikwenda kutazama, kando ya bahari upande wa kaskazini. Palikuwa na Datsun, palikuwa na Escort, na mwisho wa safu palikuwa na Pijo 504, taa mbele, matope mpaka juu ya kioo. Fundi alikuwa akitoa vyombo. Akaufunga mlango.

Mlango wa Pijo una sauti yake, nzito, fupi. Sikuwa nimeisikia tangu 1986. Nilibaki nimesimama pale mpaka fundi akaniuliza kama nimepotelewa na mtu.

Yule kijana wa barazani nimemwahidi kumpeleka Mwatate, nimwonyeshe ile kona kama bado nitaijua. Nimemwambia tutatoka Ijumaa kabla ya alfajiri. Akaniuliza kwa nini mapema hivyo.