Risasi Nene au Risasi ya Kasi?

Mliokuwa mkienda sinema mtamkumbuka Clint Eastwood katika "Dirty Harry" ya mwaka 1971, na bastola yake ndefu ajabu. Risasi yake, .44 Magnum, ilitafutwa hasa na wawindaji, na nyuma yake upo ubishi wa Wamarekani usiokwisha.

Upande mmoja ipo .45 Colt ya mwaka 1873: unene milimita 11 na nusu hivi, uzito gramu 16, mwendo kama mita 270 kwa sekunde. Upande wa pili ni .357 Magnum ya mwaka 1935: milimita 9, gramu 10, lakini inafika mita 400. Douglas Wesson wa Smith & Wesson aliitangaza kwa kuwindia wanyama wakubwa. Elmer Keith, mfugaji wa Idaho, alishikilia risasi nzito.

Kila mmoja ana hesabu yake. Nishati hupanda kwa mraba wa kasi, hivyo ile ndogo ina jouli kama 800, nene 600 tu. Lakini ukizidisha uzito kwa kasi bila mraba, nene inatangulia.

Tatizo ni kwamba mnyama hafi kwa hesabu. Hufa risasi ikifika moyoni au mapafuni. Risasi ya bunduki ndefu, kwa mita 700 na zaidi kwa sekunde, hupasua hata nyama iliyo pembeni mwa njia yake. Bastola haina kasi hiyo. Kinachoharibika ni kile kilichoguswa tu. Risasi ndogo yenye ncha laini hutanuka mwilini, lakini husimama mapema, pengine kwenye mfupa wa bega. Nzito hutokea upande wa pili na kuacha damu ya kufuatia. Hata hivyo, kwa mita 50 inashuka sentimita 17 au 18. Ile ya kasi kama nusu yake.

Katikati ya miaka ya 1950 .44 Magnum iliunganisha yote: gramu 15 na nusu, mita 430 kwa sekunde. Basi mshindo wake! Wengi hufumba macho kabla ya kufyatua, na kulungu hupigwa tumboni, akaenda kufia kichakani kesho yake.

Mimi ningemuuliza mwindaji kama anaipata sahani ya chai kila mara kwa mita 50. Kama haipati, asogee karibu, au abebe bunduki.