Mwili wa Italia, Nibu ya Nani?

Pale Frederick Street, katika mtaa wa masonara wa Birmingham, kuna jengo la matofali la 1863 lililokuwa kiwanda cha kalamu. Leo lina makumbusho ya kalamu. Ukiingia unapewa kibati chembamba kama ukucha, unavuta mkono wa mashine, tak, kinatobolewa. Mashine nyingine inakikunja, na unatoka na nibu yako mfukoni. Kina mama wa karne ya 19 waliuvuta mkono huo maelfu ya mara kwa siku.

Inasimuliwa kwamba Joseph Gillott, mtengenezaji wa nibu wa mji huo, asubuhi ya harusi yake alitengeneza nibu 144 akaziuza kwa pauni 7 na shilingi 4. Shilingi moja kwa nibu moja! Mashine ziliposhika kazi, pakiti nzima ya 144 ikawa ya peni chache.

Nibu zenye jina la Gillott zipo bado, kama pauni 2 moja, na mpini wa mbao haufiki pauni 10. Kwa kuandika majina kwenye kadi za harusi, sijaona cha kuzishinda. Ila ni za kuchovya: kila baada ya maneno machache unarudi kidauni, na hazibebeki kwenye basi.

Anayetaka kujionyesha kidogo ana Yard-O-Led, kalamu za fedha zenye mhuri wa nanga wa Birmingham. Hizo ni mamia ya pauni. Sehemu kubwa ya pesa inakwenda kwenye fedha na nakshi, na mkono wako hauandiki na nakshi.

Waitalia ndio wanaonipa shida. Leonardo ni kiwanda kidogo karibu na Naples, kilichofunguliwa mwaka 2018 na watoto wa Ciro Matrone, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Delta iliyoanza 1982. Rangi zao ni za kumeza mate. Lakini ile yenye nibu ya chuma, kati ya pauni 150 na 200, nibu yake imetoka Ujerumani. Unalipia mwili, basi ujue unalipia mwili. Na ukiagiza moja kwa moja kutoka Italia kwa zaidi ya pauni 135, VAT ya Uingereza ya asilimia 20 inadaiwa mzigo ukiingia, pamoja na ada ya msafirishaji. Mimi hiyo ada niliijua mlangoni, mleta mzigo akiwa amesimama. Hakikisha muuzaji ametoa VAT ya Italia, asilimia 22, la sivyo utakatwa kodi mara mbili.

Ningekuwa naanza leo, ningenunua kalamu ya plastiki ya pauni 20 hivi, kisha niangalie wino, maana hapo ndipo mfuko unapovuja. Katriji fupi ya kawaida hubeba mililita 0.8. Chupa ya Diamine ya mililita 80, wino wa Liverpool, ina wino wa katriji 100, nayo kwa kawaida haivuki pauni 10. Katriji 100, kwa pakiti za 6 za pauni 2 au 3, ni pakiti 17: pauni 34 mpaka 51. Kibomba cha kuvutia wino wa chupa ni kama pauni 5. Uliza kwanza kama kimo ndani ya boksi.